Kupe wa Siku ya Nne

Kesho asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, shika mmoja pembe, mwambie kijana akubanie kamba, halafu kunja sikio lake kwa kidole gumba mpaka uone manyoya ya ndani. Ukikuta vitu vya kahawia vidogo kama punje za ufuta, vimeng'ang'ania karibu na ukingo, hao ndio ninaotaka tuongee habari zao. Simsemi yule kupe mnene wa kijivu anayening'inia chini ya mkia, ambaye kila mchungaji anamwona na kumng'oa kwa hasira. Yule ana ubaya wake, lakini anaonekana. Anayemaliza ndama ni huyu wa sikioni, na anawamaliza kwa sababu tunamgundua akiwa ameshakaa siku tatu, nne.

Kupe huyu ndiye mbeba ndigana kali, ambayo waganga wa nyama wa kwetu, kwa Kifaransa chao, huiita teileriozi. Kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hawajawahi kuambiwa, nalo ndilo lililonikalisha niandike. Kupe mwenye vijidudu akijishika kwenye ng'ombe, hamwambukizi siku hiyohiyo. Vijidudu vimelala ndani ya tezi za mate yake. Akianza kunyonya vinaamka, vinakomaa, na kwa kawaida huanza kutoka pamoja na mate kati ya siku ya tatu na ya tano. Kwa hiyo kupe aliyejishika leo akafa kesho ni mwizi aliyekamatwa mlangoni. Ukimwacha mpaka siku ya nne, ameshabeba na ameshaondoka.

Sisi wa Kalemie kalenda yetu imetusaidia hata bila kujua. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, wanasema Jumatatu na Alhamisi. Sisi tunasema siku ya kwanza na siku ya nne. Basi hesabu yangu yote imo humo: siku ya kwanza dawa ya duka, siku ya nne majani ya utupa.

Sababu yake ni hii. Dawa ya kunyunyizia haikai na nguvu ileile juma zima. Inaua vizuri siku ile na siku inayofuata, kisha jua, umande, mvua na nyasi ndefu za malishoni vinaisugua kidogo kidogo. Ikifika siku ya nne, kwenye ngozi yamebaki mabaki. Kupe anayepanda wakati huo hulewa tu, hafi, na mpaka uje unyunyizie tena siku ya kwanza ameshajipatia siku zake nne za kunyonya. Kibaya zaidi, kupe aliyeonja dawa kidogo akapona ndiye anayezaa, na jike mmoja wa huyu wa sikioni hutaga mayai maelfu. Watoto wake wengi watakuwa wa aina ya mama yao. Utupa ukimkuta siku ya nne, unampiga kwa njia nyingine kabisa na ile ya dawa ya duka, na hakuna kupe anayepata nafasi ya kutulia sikioni muda wa kutosha.

Lakini kabla ya majani tuseme kwanza juu ya chupa, kwa maana huko ndiko tunakoharibu.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima zizini kwa rafiki yangu, upande wa barabara ya Bendera. Mwenye ng'ombe anakaa mjini, kama wengi wetu. Mchungaji ndiye mwenye pampu. Dawa ilikuwa amitrazi. Mchungaji akafungua chupa, akajaza kifuniko mara mbili, akamwaga katika pampu ya mgongoni ya lita 16, akaongeza maji mpaka juu. Nikamwomba kile kifuniko, nikakijaza maji na kuyavuta kwa sindano ya hospitali. Mililita 7. Vifuniko viwili, mililita 14. Sasa amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, inataka mililita 2 kwa kila lita ya maji: pampu ile ilihitaji mililita 32. Alikuwa anaogesha kwa chini ya nusu ya kipimo. Na pampu hiyo moja ikaogesha ng'ombe tisa! Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10 ili alowe kweli, mpaka maji yatiririke kutoka tumboni. Wale tisa walipata umande. Mwenye mali akija siku ya posho anakuta kupe wanatembea, anasema dawa ya siku hizi ni ya uongo.

Simlaumu mchungaji. Hakupewa sindano, alipewa kifuniko. Nunua sindano ya mililita 10 au 20, ifunge kwa uzi kwenye shingo ya pampu, na mfundishe kwa macho: sindano hii, mpaka mstari huu, mara ngapi. Chupa yako ikiwa ya dawa nyingine, au ya asilimia nyingine, kipimo kitakuwa kingine. Soma karatasi yake. Mimi mwenyewe duka moja la hapa mjini liliwahi kuniuzia chupa iliyobanduliwa karatasi, nikaipokea kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Ilikuwa ujinga wangu. Chupa isiyo na maandishi huwezi kuipimia kitu.

Maji pia ni sehemu ya dawa. Wanyweshe ng'ombe kwanza, wasije wakajilamba kwa kiu. Nyunyizia dhidi ya mwelekeo wa manyoya, si juu ya mgongo tu kama mtu anayemwagilia mboga. Ingia ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele au korodani, kwapani, kifuani, katikati ya kwato. Wingu likionekana zito, ahirisha. Kama fedha haitoshi, afadhali uogeshe mara moja kwa kipimo kamili kuliko mara tatu kwa maji ya rangi.

Ukweli wa jambo hili umeonekana karibu na sisi. Uganda, katika maeneo ya Ankole na ya kati, wafugaji walibadilisha dawa kila mara, wakapima kwa macho, wengine wakafika kuwanyunyizia ng'ombe sumu ya nyanya. Mwaka 2016 watafiti wakatangaza kwamba wamepata huko kupe wasiokufa kwa jamii ya dawa zaidi ya moja. Na usidhani ni mbali. Ng'ombe hutembea, na kupe hana pasi. Ukinunua dume la Fizi au la Marungu, muweke peke yake, muogeshe kwa kipimo kamili, umkague masikio kwa siku kadhaa kabla hajachanganyika na wako.

Sasa utupa. Wazee wavuvi wanaujua kwa sababu nyingine: majani yake yakipondwa na kutupwa kwenye kijito, samaki wanaelea. Wenye mihogo huupanda kando ya shamba kumfukuza fuko. Ni mti mdogo, unamzidi mtu urefu, majani yake yana manyoya laini, maua ni meupe au ya zambarau, maganda yake mapana yana manyoya pia. Wataalamu huuita Tephrosia vogelii. Sumu iliyomo ni jamii ya rotenoni, ambayo huzima moto wa ndani ya chembechembe za mdudu, zikashindwa kupata nguvu ya kuishi. Amitrazi na sipamethrini, ile dawa nyingine ya madukani, hupiga mishipa ya fahamu. Ni milango miwili tofauti, na ndiyo sababu napenda utupa kuliko majani mengine. Umejaribiwa juu ya kupe Zambia, Uganda, na hata huku kwetu Kongo, Kivu ya Kaskazini, juu ya huyuhuyu kupe wa sikioni.

Linganisha na pareto, ua jeupe lililolimwa sana Kenya na kwenye milima ya Kivu. Mtu anaweza kusema: hili nalo ni la asili, nilichanganye na sipamethrini. Kumbe sipamethrini imetengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto. Ni baba na mtoto. Kupe aliyezoea mmoja ana njia ya kumzoea mwingine, na hapo umetumia vitu viwili kugonga mlango mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, ukiona dawa ya duka imeshindwa ingawa ulipima vizuri, usibadilishe rangi ya chupa. Tazama jina la sumu yenyewe. Majina yakiishia na «thrin», au kwa Kifaransa «thrine», ni ndugu wa tumbo moja hata kama makampuni ni matano.

Namna ya kuutengeneza. Siku ya tatu jioni chuma majani mabichi yaliyokomaa, kilo moja. Yaponde kwenye kinu ambacho hakitarudi kuponda sombe ya watu, hata siku moja. Yaloweke katika ndoo ya plastiki yenye lita 10 za maji, na humo ukwangue sabuni ya kawaida ya kufulia, kiasi cha kijiko cha chakula. Sabuni ina kazi mbili: rotenoni haipendi maji matupu, inatoka vizuri zaidi kwenye jani maji yakiwa na sabuni, na sabuni inaifanya ishike kwenye manyoya yenye mafuta. Funika, weka pahali ambapo mtoto, mbwa wala nguruwe hafiki. Nguruwe husumbuliwa na sumu hii kuliko wanyama wengine wa nyumbani. Siku ya nne saa kumi jioni chuja kwa kitambaa. Naisema jioni makusudi: jua linaivunja rotenoni haraka, na ukipaka asubuhi unaigawia anga. Tumia siku hiyohiyo. Maji ya utupa ya juma lililopita ni maji machafu tu.

Hutahitaji kuogesha mwili mzima. Chukua kitambaa, kichovye, pangusa ndani ya sikio bila kusukuma mpaka chini kwenye tundu, halafu ukingo, halafu chini ya mkia na nyonga za ndani. Nusu lita inatosha ng'ombe mmoja, na kwa ndoo moja umemaliza kundi dogo. Wa kwanza kumpaka awe mmoja tu. Mpake sehemu, ngoja mpaka kesho jioni, tazama kama ngozi imevimba au mnyama amelegea. Penye kidonda usipake. Ndama mchanga mpanguse masikio peke yake, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ng'ombe wa maziwa mkamue kwanza, upake baadaye, na kabla ya kumkamua tena osha kiwele kwa maji safi.

Swali ninaloulizwa kila mara: si tuvichanganye pampu moja tumalize? Hapana, kabisa. Amitrazi haivumilii maji yenye uchachu, na majani yaliyolala usiku kucha huanza kuchacha. Dawa itavunjika ndani ya pampu kabla ya kumfikia ng'ombe. Sipamethrini yenyewe huharibiwa na magadi, na sabuni ni ndugu wa magadi. Kwa hiyo huo mchanganyiko unaouonea fahari, jani linaua dawa moja na sabuni inaua nyingine, na wewe unabaki na harufu. Pampu iwe ya dawa. Ndoo na kitambaa viwe vya utupa.

Tena, mtu asikudanganye kwamba kitu cha porini hakidhuru. Rotenoni iliuzwa kwa miaka mingi Ulaya kama dawa ya wakulima wa asili, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaamua kuiondoa sokoni kwa mashaka juu ya afya ya watu. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi ukikosa glavu. Funga pua unapoponda, hasa majani makavu ambayo vumbi lake linapaa. Na usafishaji wote ufanyike mbali na maji. Narudia kwa sababu najua zizi la mtu wa Kalemie liko wapi: ama kijito kiko chini yake, ama Lukuga, ama ziwa lenyewe. Utupa huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na dawa za jamii ya «thrin» hivyohivyo. Chimba shimo juu ya mteremko, mbali na kisima, mwaga humo mabaki na maji ya kusuuzia ndoo. Jirani yako mvuvi asikuchukie kwa ajili ya ng'ombe zako.

Majani mengine nayataja kwa kupita. Mwarobaini ni mzuri, hasa mbegu zake zikipondwa, lakini unafanya kazi polepole: humvuruga kupe kula na kukua zaidi ya kumwangusha. Tumbaku sipendi, nikotini hupenya ngozi ya mtu na ya ndama, na kipimo cha kuua kupe kiko karibu mno na cha kumlevya mnyama. Kuhusu mafuta machafu ya injini wanayopakwa ng'ombe masikioni, nasema moja tu: yanachoma ngozi, na ngozi iliyochunika ni karamu ya inzi.

Si kila ng'ombe anahitaji ratiba hii. Wa kienyeji aliyezaliwa hapa, mama yake akiwa wa hapa, ana kinga aliyoijenga utotoni kwa kuumwa kidogo na kupona. Ukimsugua mpaka asionje kupe hata mmoja, unamlea asijue ugonjwa, na siku dawa ikikosekana atakufa kama mgeni. Huyo nyunyizia kila baada ya majuma mawili, na utupa uwe wa wakati ukiona masikio yamejaa. Ratiba ya kila juma ni ya ng'ombe wa maziwa waliochanganywa damu ya kizungu, ya wageni kutoka mahali pasipo na ndigana, na ya ndama wao. Majira nayo yahesabiwe. Katika nchi zenye mvua moja kwa mwaka kama yetu, kupe wakubwa wa sikioni hujaa wakati wa mvua, hasa kuanzia Desemba mpaka Aprili; wakati wa kiangazi wanabaki zaidi wale wadogo. Kama mfuko ni mwembamba, fedha ya dawa ihifadhiwe kwa mvua.

Kisha ujue mahali ambapo jani halina neno. Ukigusa tezi chini ya sikio au mbele ya bega ukakuta imevimba kama yai, kipimajoto kikasoma zaidi ya nyuzi 40, mnyama akawa anahema na kukohoa, huyo anahitaji sindano ya buparvakuoni, tena mapema. Povu likishatoka puani, wengi hawarudi. Akikojoa mkojo mwekundu ni ugonjwa mwingine na sindano nyingine. Muite muganga wa nyama siku hiyo, wala usimnyweshe utupa. Nimesikia watu wanaunywesha. Utupa ni wa nje ya ngozi.

Limebaki jambo la mbegu, ambalo wengi huliruka. Si kila utupa unaua. Watafiti waliochunguza utupa wa wakulima wa Malawi walikuta miti ya aina mbili inayofanana kwa sura: mmoja una rotenoni, mwingine hauna hata kidogo. Huwezi kuitenganisha kwa rangi ya ua wala kwa ladha, na ladha usijaribu. Kwa hiyo jaribu kwa kupe wenyewe. Ng'oa kupe 20 kutoka kwa ng'ombe ambao hawajanyunyiziwa karibuni. Kumi wachovye dakika chache katika maji ya majani ya mti mmoja, kumi katika maji ya sabuni matupu. Watie katika vichupa viwili vyenye kitambaa cha kupitisha hewa, andika kila kimoja, viweke kivulini. Watazame kesho yake na kesho kutwa, uwapulizie pumzi ya mdomo, kwani kupe mzima akihisi pumzi husogeza miguu. Kama wa utupa wamelala na wa sabuni wanatembea, mti huo ni wa kuhifadhi. Kama vichupa vyote viwili vinatembea, mti huo mwachie fuko, nenda kwenye mwingine.

Mti uliofaulu ufunge kitambaa chekundu, usichumwe majani yote, uachwe uzae. Maganda yakikauka chukua kabla hayajapasuka, kwa sababu yanarusha mbegu mbali. Mvua ya kwanza ya Oktoba ikishuka, loweka mbegu usiku mmoja, zipande mbili mbili kila hatua moja, mstari mzima nyuma ya zizi upande ambao maji hayateremki kisimani. Ukizipanda mwezi huo, utachuma majani mvua zinapokaribia kuisha. Mbegu zitakazobaki mpe jirani, na umpe pamoja na sindano.